MSIMAMIZI WA MIRATHI SI MWENYE MALI

(Haya ni maneno ya katibu mwenezi wetu, mwalimu kijana, aliyoyasema mbele ya wanachama wa tawi baada ya shughuli za mkutano kwisha. Tumeyachapa kwa kuwa wengi waliokuwapo waliyaomba.)



Nimepewa nusu saa niseme habari ya mirathi. Najua wapo walionong'ona kwamba mirathi ni mambo ya nyumbani, chama kinatafuta nini humo? Nawajibu. Kila tunaposimama jukwaani twasema mtu asinyang'anywe jasho lake. Haya, mtu amefanya kazi miaka thelathini katika mkonge, shilingi kwa shilingi akajenga nyumba, akapanda minazi, akafa. Leo watoto wake wanalala kwa majirani, na kodi ya nyumba ile yaingia mfuko wa mtu mmoja. Jasho la yule mzee limenyang'anywa au halikunyang'anywa? Lau aliyelinyang'anya angekuwa mgeni, tungekwisha kupiga kelele mji mzima. Kwa kuwa ni ami yao, tunainamisha vichwa na kusema, "Ni mambo ya ukoo."

Mimi ni mwalimu, si wakili. Lakini sheria nitakazozitaja si siri. Zimepigwa chapa, na Mahakama za Mwanzo husikiliza mashauri haya kwa Kiswahili tangu zamani. Tena tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama hapa nchini. Basi mtu asikutishe kwa Kiingereza akadhani utakimbia.

Nianze na neno lenyewe, msimamizi. Mtu akifa, mali yake hairuki kwenda mikononi mwa mkubwa wa ukoo. Kama ameacha wosia, huenda humo amemtaja mtu wa kuutekeleza, nasi wa pwani tulizoea kumwita wasii. Kama hakuacha wosia, ndugu hukutana wakampendekeza mmoja. Sikieni vizuri: ndugu wanapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua. Hata yule aliyetajwa katika wosia humpasa aende mahakamani, wosia ukaguliwe, naye athibitishwe. Mtu asiyekuwa na hati ya mahakama, akikusanya kodi ya nyumba ya marehemu, hata awe na mvi hadi kwenye nyusi, hana tofauti na mtu aliyeokota ufunguo njiani akafungua mlango.

Na huyo aliyepewa hati, hakupewa mali, amepewa kazi. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984, katika Jedwali lake la Tano, yaieleza kazi hiyo kwa maneno machache kabisa. Akusanye mali ya marehemu na fedha alizokuwa akiwadai watu. Alipe madeni ya marehemu na gharama za usimamizi. Kisha awagawie wanaostahili. Afanye hayo kwa bidii na kwa kufuata maagizo ya mahakama. Neno "atumie" halimo. Neno "akae nayo mpaka atakapopenda" halimo pia. (Vicheko.)

Twaona kila siku mambo yanavyoharibika, na mara nyingi yanaharibika siku ile ile ya kikao cha ukoo. Watu wametoka mazikoni, macho mekundu, mjane amekaa ndani, watoto hawajui hili wala lile. Mmoja anatoa karatasi: "Tieni saini hapa, ni habari ya kufuatilia mafao ya marehemu." Wanatia saini. Hawakusoma. Wengine hawakuwapo, na majina yao yameandikwa kana kwamba walikuwapo. Baada ya miaka mitatu unakwenda mahakamani, unafungua jalada, unaona muhtasari wa kikao unasema wewe uliridhia kwa moyo mkunjufu, na siku hiyo ulikuwa shuleni Moshi ukifanya mtihani. Tena pengine unaona katika orodha ya warithi jina lako halimo kabisa, wewe uliyezaliwa na marehemu.

Kwa hiyo nasema, karatasi ya mirathi isomwe kwa sauti, mbele ya watu wote, kabla ya mtu kushika kalamu. Mama asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake mwenyewe, si na yule anayetaka kuteuliwa. Na kama watu wana wasiwasi na mtu mmoja, waombe wateuliwe wawili, sheria yaruhusu. Mjane na ami kwa pamoja, au ami na mtoto mkubwa. Wawili si dawa ya wizi, lakini mwizi hapendi mwenzi wa kumtazama.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa kila mtu aliye hapa atoke nalo. Zipo Kanuni za Usimamizi wa Mirathi katika Mahakama za Mwanzo, zimetolewa 1971. Kanuni hizo zasema kwamba katika muda wa miezi 4 tangu kuteuliwa, au muda zaidi ambao mahakama itakubali, msimamizi apeleke mahakamani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Hiyo huandikwa katika Fomu Namba 5. Halafu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, apeleke hesabu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, kilichouzwa, kilichohamishwa, kwa nani. Hiyo ni Fomu Namba 6. Tano ni orodha, sita ni hesabu. Hata mtoto wa darasa la pili aweza kukumbuka.

Kwa wale ambao mirathi yao haiendeshwi kwa mila wala kwa sheria ya Kiislamu, shauri halianzi Mahakama ya Mwanzo, laenda mahakama za juu kwa Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Huko muda ni miezi 6 kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu, nao waweza kuongezwa na mahakama. Jambo hili la mahakama ipi si dogo, maana shauri likifunguliwa mahali pasipo na mamlaka laweza kufutwa lote baada ya miaka, nanyi mkaanza upya. Mkristo aweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo ikiwa maisha yake yalikuwa ya kimila. Mulizeni karani kabla ya kulipa ada.

Nirudi kwenye hesabu. Niruhusuni nifanye kazi yangu ya ualimu kidogo, nina chaki na ubao uko pale. Tuseme marehemu aliacha nyumba, na vyumba vinne vinapangishwa kwa shilingi 30,000 kila kimoja kwa mwezi. Kwa mwezi ni shilingi 120,000. Kwa mwaka, 1,440,000. Ami ni msimamizi tangu miaka 6. Nani atanipa jibu? Naam, mama umepata: shilingi 8,640,000. Watu wanapoambiwa "kodi ya vyumba" wanadhani ni fedha ya chumvi na kiberiti. Ni milioni nane na zaidi.

Sasa tusimwonee ami. Alitengeneza mabati, akalipa maji na kodi ya jengo, tuseme yote pamoja 1,800,000, na stakabadhi anazo. Tumtolee. Zimebaki 6,840,000. Marehemu alikuwa Mwislamu, wazazi wake walikwisha kufa, ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani fungu moja katika manane: 855,000. Zinazobaki 5,985,000 zinagawiwa mafungu manne, mawili ya kijana na moja moja ya mabinti. Kila binti ana 1,496,250, na kijana ana 2,992,500. Na ami je? Masheikh waliopo hapa watanisahihisha nikikosea: marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu yake harithi. Fungu la ami katika nyumba ile ni sifuri. Huyu ndiye ambaye kwa miaka 6 amekuwa akikaa barazani kwa wapangaji kila tarehe moja na kusema, "Nyumba yangu."

Ukimwuliza, ana majibu matatu.

La kwanza, "Watoto ni wadogo, ninawatunzia." Vizuri, tena kazi njema. Lakini anayetunza ana daftari. Ada ya shule ya mtoto imelipwa na fedha ipi, mwezi gani, stakabadhi iko wapi? Sheria ya Mtoto ya 2009 yasema wazi kwamba mtu asimnyime mtoto manufaa yanayostahili kutoka katika mali ya mzazi wake. Mimi nimefundisha. Nimeona mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare, na njia aliyopita kurudi ilipita mbele ya nyumba ya marehemu baba yake, yenye wapangaji na duka. Basi huko "kutunziwa" kuna maana gani?

La pili, "Kuna madeni." Huenda ni kweli. Madeni hulipwa kwanza kabla ya kugawa, na mrithi asipige kelele juu ya hilo. Lakini deni lina mdai, na mdai ana jina na karatasi au shahidi. Madeni ya marehemu huandikwa mwanzoni katika Fomu Namba 5. Deni linalozaliwa mwaka wa tano, siku ile tu mrithi alipouliza, hilo ni la kutazamwa kwa taa.

La tatu ndilo linalotumika zaidi kwa mabinti na wajane: "Hii ni mali ya ukoo, mwanamke hana lake." Hapa nitakaa kidogo, Mwenyekiti, hata kama saa inakimbia.

Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru wa Tanganyika, Serikali ilichapisha mila za kurithi zilizokusanywa. Katika mila zile warithi waliwekwa daraja tatu. Mtoto wa kiume wa kwanza kwa mke wa kwanza akapewa fungu kubwa, wana wengine wa kiume wakafuata, na mabinti wakawekwa daraja la tatu. Mjane akaambiwa atatunzwa na watoto wake. Mimi siwezi kuisifu sheria ile, na sidhani mama aliyelima shamba lile kwa jembe la mkono miaka ishirini ataisifu. Wala si mimi peke yangu. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipata shauri la mama mmoja wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, na jamaa wakadai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inapingana na haki zilizowekwa katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za 1999, nazo zikasema mwanamke ana haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, mkataba ambao nchi yetu iliingia 1985, ilisikiliza malalamiko ya wajane wawili wa hapa kwetu walionyimwa mali ya waume zao kwa mila, ikasema nchi imevunja mkataba.

Lakini jambo ninalotaka mlione ni jingine. Tuseme mtu anashikilia mila ile ile ya 1963, herufi kwa herufi. Hata hivyo binti yumo! Yupo daraja la tatu, lakini yumo. Na mila ile haisemi popote kwamba msimamizi ale kodi ya nyumba pamoja na marafiki zake. Basi anayesema "mila" ili asitoe hesabu, hata mila hajaifuata.

Na mjane ana jambo lake jingine. Si kila kilichomo nyumbani ni cha marehemu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtambua mke kuwa na mali yake mwenyewe. Cherehani aliyonunua kwa fedha ya maandazi, mbuzi aliopewa na baba yake, kiwanja chenye jina lake, hivyo si mirathi wala visiandikwe katika Fomu Namba 5. Nimesikia habari ya jamaa waliobeba hata masufuria siku ya arobaini. Masufuria, ndugu zangu!

Haya. Mrithi afanye nini?

Kwanza ajue nambari ya shauri na mahakama ambayo lilifunguliwa. Wengi hawajui hata hilo, wanalia bila kujua mlango wa kulilia. Kwa kawaida ni mahakama ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake. Nenda kwa karani, jitambulishe kuwa wewe ni mtoto wa marehemu, chukua cheti cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha kifo kama unavyo, omba kuona jalada, na uombe nakala. Tazama nani walitajwa kuwa warithi. Tazama Fomu Namba 5 kama ipo. Kama ipo, soma kila mstari: shamba la Muheza limeandikwa? Fedha za benki? Mafao ya kazini? Mara nyingi nyumba imeandikwa kwa kuwa kila mtu aiona, na fedha haikuandikwa kwa kuwa haionekani.

Halafu mwandikie msimamizi barua ya adabu. Nasema ya adabu, kwa kuwa barua hiyo pengine itasomwa na hakimu. "Baba mdogo, shikamoo. Tunaomba utuonyeshe hesabu ya mali ya marehemu baba tangu uteuliwe." Tia tarehe, weka nakala, mpelekee mbele ya mtu mzima. Wako watu wazima wenye haya ambao barua kama hiyo tu imewatosha. Wakakaa, wakahesabu, wakagawa, na udugu ukabaki.

Kama hajibu, nenda mahakama ile ile iliyomteua. Ile ile. Nalirudia hili kwa sababu watu wanapoteza miaka wakizunguka. Wanakwenda Baraza la Kata, wanakwenda kwa mjumbe, wanakwenda polisi, wanafungua kesi ya ardhi, na huko wanaambiwa kila mara kwamba mrithi peke yake hana uwezo wa kushtaki kwa niaba ya mirathi. Aliyepewa uwezo wa kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya mirathi ni msimamizi. Lakini mrithi kumlalamikia msimamizi mwenyewe, pale alipopewa hati, hilo anaweza, na hahitaji wakili. Ombi laweza kusema hivi tu: naomba msimamizi aitwe, alete orodha na hesabu. Mahakama ina uwezo wa kuagiza juu ya usimamizi wote, juu ya mali ipi ni ya marehemu, juu ya nani ni mrithi, juu ya kuuza na kugawa.

Ukitaka avuliwe kabisa, kanuni za 1971 zataja sababu: kwamba hati ilipatikana kwa udanganyifu, au hati imekuwa haina kazi tena, kwa mfano msimamizi amekufa, au kwamba msimamizi anatenda kinyume cha masharti ya hati, au kwa makusudi au uzembe anakwenda kinyume na maslahi ya wadai na warithi. Usiende mahakamani na sababu ya kwamba ami ana kiburi. Kiburi hakimo. Ila saini ya kughushi imo, na mrithi aliyefichwa yumo, na miaka 6 bila hesabu imo.

Na akivuliwa, haishii hapo. Msimamizi aliyeitumia mali ya marehemu ovyo, au kuipoteza kwa uzembe wake au kwa makusudi, huwajibika kulipa kutoka mfukoni mwake. Wengi wanadhani adhabu ni kunyang'anywa hati tu, kwa hiyo wanasema, "Waninyang'anye, nimekwisha kula." Hapana, bwana. Utarudisha. Na aliyepeleka mahakamani hesabu ya uongo kwa makusudi ametenda kosa la jinai.

Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo asipokuridhisha, rufani ni Mahakama ya Wilaya, katika siku 30. Thelathini za kalenda, Jumapili zimo. Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 30 nyingine. Usiseme nitakwenda baada ya mavuno.

Sasa neno chungu, na ni bora mlisikie kwangu kuliko mlisikie kwa hakimu. Wengi wanadhani nyumba ya marehemu haiwezi kuuzwa mpaka kila mrithi atie saini. Mahakama zetu zimekwisha kusema kwamba msimamizi hahitaji kisheria idhini ya kila mrithi kabla ya kuuza. Akiuza kwa kulipa deni la kweli na fedha ikaingia katika hesabu, mauzo yanaweza kusimama hata kama wewe ulikuwa Mwanza na hukuulizwa. Kwa hiyo haki ya mrithi ni kama maziwa, haikai sana. Ukisikia dalali anapima nyumba, usingoje mnunuzi ahamie. Nenda siku hiyo hiyo ukaombe zuio mahakamani. Kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke tahadhari, ili asiihamishe kimya kimya. Kama ni shamba la kijijini lenye haki ya kimila, nenda kwenye Halmashauri ya Kijiji, kwa kuwa uhamisho wake unahitaji kibali chao, uwaeleze kwa maandishi kwamba kuna warithi. Mwenyekiti wa kijiji aliyekwisha kupokea barua yako hawezi kusema hakujua.

Vile vile mtazame jalada lisifungwe mkiwa mmelala. Msimamizi akikwisha kupeleka hesabu ya mwisho na mahakama ikalifunga shauri, kumvua ni kazi ngumu sana, maana mahakama itauliza: tumvue nini, na kazi imekwisha? Uliza kila baada ya miezi michache. Karani atakuchoka. Mwache achoke.

Mrithi naye ana mipaka. Kabla ya kugawiwa, fungu lako bado halijawa mkononi mwako. Wapo vijana wanaouza "chumba changu" katika nyumba ya baba kwa fedha ya haraka, kisha wanakuja kulia pamoja na mnunuzi. Wapo wanaovunja kufuli. Ukivunja kufuli umempa ami kesi nzuri kuliko yako. Tena si kila msimamizi anayechelewa ni mwizi. Hati ya kiwanja imepotea, benki inataka karatasi hii na ile, mpangaji mkorofi hataki kutoka. Msimamizi wa namna hiyo hukuonyesha karatasi zake kabla hujamaliza kuuliza. Hapo utawatofautisha.

Najua kinachowafunga watu midomo si kutojua sheria. Ni maneno haya: "Utamshtaki ndugu wa baba yako? Utapata radhi?" Binti mmoja alinijia ofisini, simtaji, akasema, "Mwalimu, nikienda mahakamani, nani atanisimamia siku ya harusi yangu?" Neno lile zito, nami sikumjibu upesi. Nilimwuliza tu: siku ya harusi yako, ami atasimama mbele ya watu kama baba yako, na mama yako atakuwa amekaa wapi? Yule mama anapanga chumba kimoja mtaa wa pili, na nyumba aliyoolewa ndani yake ina wapangaji wanne. Binti alikwenda mahakamani. Shauri bado linasikilizwa, kwa hiyo sisemi zaidi.

Wazee wetu, ninyi mna nguvu kuliko sheria zote nilizozitaja. Mzee akisema barazani, "Fulani, leta daftari," fulani ataleta. Lakini mzee akisema, "Watoto wa siku hizi hawana adabu," basi amekwisha kuhukumu, na mwenye daftari ya uongo amefurahi.

Na sasa niseme lililonileta. Katika mkutano huu wapo wasimamizi. Wenye kadi, wanaolipa ada, wanaoimba kwa sauti kuliko mimi. Baadhi wametimiza kazi yao vizuri na watoto wa marehemu wanawaombea dua. Baadhi hawajapeleka Fomu Namba 5 tangu wateuliwe, na tangu hapo wamejenga. Nasema mbele ya Mwenyekiti: ofisi ya tawi haitamwandikia barua hakimu kumwombea mwanachama wa namna hiyo, wala mrithi akija kwetu hatutamwuliza kwanza ami yake ni nani katika chama. Tumelikubali hilo katika halmashauri ya tawi juzi, na si kwa kura moja. (Makofi.)

Msaada upo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa wasaidizi wa kisheria kuwasaidia wasio na uwezo bila malipo. Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake ni RITA, aweza kuombwa kusimamia mirathi pale ambapo ndugu hawaaminiani kabisa, na huko huko mtu aliye hai aweza kuweka wosia wake usiguswe na panya wala na mkwe. (Vicheko.) Wenye ndugu Dar es Salaam wajue kwamba Temeke kuna kituo cha mahakama cha mashauri ya mirathi na ndoa.

Kwa sisi wa hapa, Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nitakuwa ofisini pamoja na msaidizi wa kisheria. Njoo na nambari ya shauri kama unayo, cheti cha kifo, cheti chako cha kuzaliwa, na karatasi yoyote uliyotiwa saini siku ya arobaini hata kama hukuielewa. Asiye na nambari ya shauri aje vile vile, tutakwenda naye kwa karani Jumatatu. Na msimamizi anayetaka kujazishwa Fomu Namba 5 na Namba 6 aje pia, tumewatengea saa nane mchana, ili msikutane mlangoni na warithi wenu.